Taa Kubwa Zinazofifia: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu ya Umeme Kabla Haijakuacha Gizani

Gari likiletwa kwangu kwa tatizo la taa za mbele, mara nyingi mwenyewe anakuwa ameshabadilisha globu mara mbili au tatu. Ya kwanza iliungua baada ya wiki chache, ya pili ikawa inapepesa, ya tatu akanunua yenye wati nyingi kwa sababu aliambiwa za kawaida hazina nguvu. Nikichomoa soketi nyuma ya taa, nakuta plastiki imegeuka rangi ya kahawia na kukakamaa kama ukoko wa wali, na pini moja kati ya tatu imeungua mpaka imekuwa nyeusi. Globu ni nzima. Fyuzi nayo ni nzima. Kilichokuwa kikiungua muda wote ni kiungo, yaani mahali pini ya soketi inapogusana na mguu wa globu.

Nimeandika mwongozo huu kwa mwenye gari asiye fundi, mwenye saa moja au mbili za mchana na mita ya bei nafuu ya kupimia umeme. Ongeza spana namba 10, msasa laini, tochi, na globu moja ya akiba. Kazi nyingi utazimaliza mwenyewe, na zile usizoziweza utampelekea fundi ukiwa na vipimo mkononi.

Kwa nini fyuzi haikukatika

Magari mengi ya Kijapani tunayotumia yana globu ya H4. Ndani yake mna nyuzi mbili, wa dimu wenye wati 55 na wa fulu wenye wati 60. Wati 55 kwa volti 12 ni kama ampea 4.6 kwa kila taa. Mkondo huo ukipita kwenye pini safi iliyobana, hakuna kinachotokea. Pini ikilegea au ikishika kutu, umeme unapita kwa shida, na shida hiyo hugeuka joto. Tuseme kiungo kimoja kinakula volti 1 tu. Volti 1 kwa ampea 4.6 ni karibu wati 5 za joto, zote zimebanana kwenye kipande cha bati kidogo kuliko ukucha, ndani ya plastiki. Joto hulegeza pini, pini iliyolegea huzidi kupata moto, na hali huendelea hivyo miezi kadhaa bila wewe kuona zaidi ya taa iliyofifia kidogo.

Fyuzi haioni joto hilo. Yenyewe hukatika mkondo unapozidi, na kiungo kibovu hakizidishi mkondo, kinaupunguza. Ndiyo maana soketi inaweza kuyeyuka mpaka moshi ukatoka huku fyuzi ikiwa salama kabisa. Usijifariji kwa fyuzi nzima.

Sasa weka globu ya wati 100/90 kwenye waya uleule. Dimu yake inavuta ampea 7.5, na kwa kuwa joto hukua kwa mraba wa mkondo, kile kiungo cha wati 5 sasa kinatoa wati 12. Nyaya zilizotoka kiwandani hazikupangiwa mzigo huo, wala swichi ya usukani, wala kile kioo cha ndani ya taa kinachorudisha mwanga mbele, ambacho huanza kubabuka.

Mita 68

Watu wengi huchukulia taa dhaifu kama usumbufu wa kuvumilia hadi mwisho wa mwezi. Fanya hesabu hii. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kufikia breki, umeshakwenda mita 33. Breki nzuri kwenye lami kavu zitataka kama mita 35 nyingine. Jumla ni mita 68. Kwa dimu iliyo nzima, mtu aliyevaa nguo nyeusi mara nyingi utamwona akiwa chini ya mita 60. Yaani hata taa zikiwa nzuri, kwa mwendo huo tayari umeuzidi mwanga wako. Zikiwa zimepoteza theluthi ya nguvu, lori lililoharibika barabarani na kuwekewa matawi ya miti utaliona wakati huna tena nafasi ya kufanya lolote.

Na usiku si mtupu kama zamani. Hapa Tanzania mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku tangu 2023, kwa hiyo barabara ya Morogoro hadi Dodoma saa nane usiku ina magari, pikipiki, na watu wanaovuka kwenye vituo. Taa zako ni za kuona, na ni za kuonekana pia. Gari lenye taa moja, kwa anayekuja mbele, ni pikipiki. Ataliachia nafasi ya pikipiki tu.

Hatua ya kwanza: soma dalili kabla ya kufungua boneti

Liegeshe gari mbele ya ukuta jioni, washa dimu, kisha fulu, kisha indiketa, na mwambie mtu asimame pembeni atazame.

- Taa ya upande mmoja imekufa kabisa, dimu na fulu: anza na fyuzi ya upande huo, kisha soketi, kisha ethi ya upande huo (waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi, unaorudisha umeme kwenye betri).
- Upande mmoja hauna dimu lakini una fulu: mara nyingi ni uzi wa globu uliokatika, au pini moja iliyoungua.
- Dimu zote mbili zimekufa, fulu zipo: wengi hukimbilia swichi. Angalia globu kwanza. Moja huwa ilikufa wiki kadhaa zilizopita na hukujua, nyingine imekufa leo.
- Zinapepesa kwenye matuta: kuna kiungo kilicholegea.
- Zinafifia kwenye foleni na kung'aa ukikanyaga mafuta: tazama betri, altaneta (mashine inayochaji betri) na mkanda unaoizungusha, usiguse taa kwanza.
- Taa inapungua mwanga kila indiketa inapowaka, au indiketa inang'aa kidogo taa kubwa zikiwashwa: ethi. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapita kwenye taa ya jirani.

Harufu ya plastiki inayoungua haimo kwenye orodha kwa sababu haisubiri uchunguzi. Zima taa, zima injini, na usiziwashe tena mpaka umeipata ilipotoka.

Hatua ya pili: jilinde wewe kwanza

Globu ya halojeni iliyokuwa ikiwaka ina joto la mamia ya nyuzi za sentigredi. Iache ipoe robo saa. Kabla ya kukata au kuunga waya wowote, fungua kichwa cha hasi cha betri.

Kama taa zako ni za zenoni (utakuta maandishi kama D2R au D4S kwenye globu au kwenye kifuniko), simama hapo. Kifaa cha kuwashia hutoa zaidi ya volti 20,000 kwa kufumba na kufumbua, na globu za aina ya D2 zina zebaki ndani. Kazi hiyo mwachie anayeijua. Vivyo hivyo kwa magari ya mseto kama Prius na Aqua: taa zake ni za volti 12 kama kawaida, lakini nyaya nene za rangi ya machungwa usizisogelee.

Hatua ya tatu: betri na altaneta

Hii ni ya dakika tano. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6. Washa injini na taa kubwa: unapaswa kuona kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13, taa hazina kosa, hazilishwi. Zaidi ya 15, rekebisha chaji haraka, kwa sababu maisha ya globu hupungua vibaya sana volti zikizidi. Asilimia 5 tu ya ziada hukata umri wake karibu nusu. Mwenye gari anayebadilisha globu kila mwezi apime hapa kabla ya kulaumu duka la spea.

Angalia pia vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto, kausha, piga msasa, kaza.

Hatua ya nne: fyuzi

Tafuta kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Kwenye Toyota nyingi taa ya kushoto na ya kulia zina fyuzi zake, zimeandikwa H-LP LH na H-LP RH. Ichomoe, itazame kwenye mwanga, na uangalie miguu yake pia. Mguu uliobadilika rangi ni dalili ya soketi ya fyuzi iliyolegea, hata kama uzi wa fyuzi ni mzima.

Fyuzi iliyokatika badilisha kwa ampea zilezile: nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Ikikatika ya pili, usiweke ya tatu. Kuna waya unagusa bodi mahali fulani, mara nyingi pale unapopita kwenye ukingo wa bati karibu na rejeta, au panya ameutafuna. Kuweka ya ampea 30 mahali pa 15, au kuziba kwa waya au karatasi ya sigara, ni kuufanya waya wenyewe uwe fyuzi. Utaungua ndani ya fungu la nyaya nyingine, sentimita chache kutoka kwenye mipira ya mafuta.

Hatua ya tano: globu na soketi

Vuta soketi moja kwa moja kwa kushika plastiki, usivute nyaya. Ikigoma, huenda imeyeyukia kwenye globu; itikise taratibu. Ondoa kifuniko cha mpira, bana kile kijiwaya kinachoshika globu, itoe. Usishike kioo cha globu mpya kwa vidole: mafuta ya ngozi huacha doa linalopata moto kupita sehemu nyingine na kuua globu mapema. Ukishaigusa, ifute kwa spiriti na kitambaa safi.

Kisha tazama soketi kwa tochi, pini moja moja. Rangi ya kahawia, plastiki iliyovimba, pini iliyopanuka au yenye ukijani wa chumvi (wa Tanga, Mombasa na Unguja mnaujua), yoyote kati ya hizo inatosha. Soketi haifanyiwi usafi ikapona. Nunua nyingine yenye mikia ya nyaya minene, ya kauri ukiipata.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi hukata soketi ya zamani, husokota nyaya mpya kwa vidole, huzungushia tepu, na kesho taa inawaka vizuri. Miezi miwili baadaye gundi ya tepu imeyeyuka kwa joto la injini, maji yameingia, na umerudi kwenye kiungo kibovu kingine. Menya waya mpaka ukutane na shaba inayong'aa. Ikiwa ni nyeusi, endelea kurudi nyuma. Unga kwa kibano cha bati kilichobanwa kwa koleo lake au kwa kulehemu, kisha vika kile kipira kinachonywea kwa moto. Mwisho, rudisha kifuniko cha mpira nyuma ya taa. Magari mengi hayana tena kifuniko hicho, na ndiyo maana kila yanapooshwa kwa mashine ya presha, taa hujaa maji. Mwambie anayekuoshea asielekeze mpira kwenye soketi na kisanduku cha fyuzi.

Hatua ya sita: pima taa ikiwa inawaka

Kipimo hiki kinazidi vingine vyote, na ndicho ambacho hufanywa vibaya zaidi. Ukichomoa soketi na kupima volti kwenye pini tupu, utasoma 12 na kitu, ukaamini waya ni mzima. Bila mzigo hata waya uliobaki uzi mmoja wa shaba huonyesha volti kamili. Lazima globu iwe imechomekwa na inawaka.

Injini ikinguruma na dimu zikiwa zimewashwa, pima kwanza betri yenyewe. Kisha penyeza ncha nyembamba za mita nyuma ya soketi, moja kwenye pini ya pamoja (inayotumiwa na nyuzi zote mbili) na nyingine kwenye pini ya dimu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo umeme unaopotea njiani. Nusu volti naikubali. Zaidi ya hapo, kuna kiungo cha kutafutwa.

Mwaka jana nililetewa gari dogo lililotoka kupakwa rangi. Betri ilisoma 14.1, globu 12.3. Volti 1.8 zimepotea. Zinaonekana chache, lakini mwanga wa halojeni huanguka haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza kama asilimia 30 ya mwanga. Gari lile lilikuwa limepoteza zaidi ya theluthi. Niliacha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na kugusisha nyingine kwenye pini ya kurudi: volti 1.5. Karibu hasara yote ilikuwa upande wa hasi. Boliti ya ethi nyuma ya taa ilikuwa imepakwa rangi pamoja na bodi, nzuri inang'aa, na kipete cha waya kimekaa juu ya rangi. Msasa wa dakika mbili ulimaliza kazi. Gari lako likitoka kwa fundi bodi, nenda moja kwa moja kwenye boliti hizo.

Upande wa chanya hupimwa vilevile, ncha moja chanya ya betri, nyingine pini inayolisha globu. Kisha endelea nyuma kidogo kidogo, kwenye fyuzi, kwenye relei (swichi ndogo ya umeme inayoamrishwa na swichi ya usukani), mpaka uone hasara imerukia wapi.

Angalizo kwa wenye Hilux na Land Cruiser za miaka ya nyuma: nyingi kati yake hukatia upande wa hasi. Pini ya pamoja ya globu hupokea chanya, na swichi ndiyo inayounganisha dimu au fulu na bodi. Ukitumia testa (taa ndogo ya kupimia umeme) iliyobanwa kwenye bodi, inaweza kuwaka hata kwenye pini usizozitarajia na kukuchanganya. Nimeona nyaya nzima zikikatwa kwa sababu ya hili. Pima kati ya pini na pini, hutakosea.

Hatua ya saba: relei na swichi

Mtu akiwasha taa, relei inapaswa kulia "tik" chini ya kidole chako. Isipolia, ibadilishe kwa muda na nyingine yenye namba ileile kisandukuni. Inaweza kulia na bado ndimi zake, yaani bati zinazogusana ndani, zikawa zimeungua, ndiyo sababu ya kupima hasara yake pia.

Baadhi ya magari ya zamani hayana relei ya taa. Ampea zote, kama 9 au 10, hupita kwenye mkono wa swichi ulio pembeni ya usukani. Mkono ukiwa wa moto baada ya nusu saa ya safari, usiahirishe. Dawa ni kuweka relei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, kwa waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka betri, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya. Kipande kisicho na fyuzi ndicho kinachowaka moto. Swichi ya zamani itabaki kuamrisha relei tu. Wengi waliotaka globu za wati 100 hutosheka na globu zao za kawaida baada ya kazi hii.

Globu za LED na mwelekeo wa mwanga

Watu huniuliza kama LED zinapunguza mzigo. Ndiyo, zinavuta umeme mdogo. Lakini kioo cha taa kilichochongwa kwa uzi wa halojeni hakiwezi kupanga mwanga unaotoka mahali pengine, kwa hiyo unatapakaa na kumpofusha anayekuja. Wewe unaona weupe mwingi karibu na bumpa na kudhani unaona mbali. Kama kioo cha mbele cha taa kimegeuka njano, kisugue kwanza.

Ukimaliza, panga mwelekeo. Simamisha gari kwenye sakafu tambarare mita 5 kutoka ukutani. Ukingo wa juu wa dimu uwe kama sentimita 5 chini ya urefu wa katikati ya taa. Taa za Japani hupandisha mwanga upande wa kushoto, sawa na barabara zetu za Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa ndugu zetu wa Bujumbura na Goma, wanaoendesha kulia kwa magari hayohayo, mwanga huo huenda usoni mwa anayekuja, na kuzishusha taa kidogo ni lazima.

Kabla ya kufunga boneti, washa dimu dakika 20, zima, na shika sehemu ya nyuma ya soketi. Uvuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe kidole, rudi hatua ya tano.

Zikizimika ukiwa njiani

Usikanyage breki kwa nguvu; aliye nyuma yako hajui kilichotokea. Shika usukani vilevile ulivyokuwa, achia mafuta, washa taa za dharura, na hapohapo vuta mkono wa fulu. Fulu huwa na uzi wake na wakati mwingine fyuzi yake, inaweza kuwaka dimu ikiwa imekufa. Jaribu taa za ukungu. Toka nje ya lami kabisa, weka pembetatu mbali nyuma, na abiria washuke wakae mbali na barabara, wasibaki ndani.

Ukiona moshi kwenye boneti, zima injini na uwatoe watu kwanza. Usiifungue boneti yote, hewa italisha moto. Iachie kidogo tu, puliza mtungi wa kuzimia moto kupitia upenyo huo, na kama haujazimika mtungi ukiisha, ondoka.

Kuna wanaoendelea na safari kwa kufuata taa za nyuma za basi au lori. Anayewaongoza hajui kwamba wapo, hupita matuta na mashimo ambayo wao hawayaoni, na akikata kona au kuongeza mwendo wanabaki gizani wakiwa kasi. Kituo cha mafuta kilicho karibu, ukivutwa mpaka hapo na kulala ndani ya gari mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo safari iliyobaki ya usiku huo.